Niliambiwa sifai kutoa figo

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu kutoa viungo vya mwili nimeisoma mara tatu: ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa penseli mkononi, ya tatu usiku wa manane watu wamelala. Mwandishi wenu anajua kupanga hoja, na nyingi nakubaliana nazo. Iliyonifanya nichukue kalamu ni sentensi moja iliyo karibu na mwisho, pale alipoandika kwamba mtu mwenye figo mbili nzima ambaye ndugu yake anakufa kwa kukosa moja, akikataa kutoa, hana tofauti na muuaji ila mbele ya sheria tu.

Mtu huyo ni mimi. Sijui kama mwandishi wenu amewahi kukutana na mmoja wetu. Hatujitangazi. Wengine wetu hatukukataa hata mbele ya ndugu zetu. Tulikataa mbele ya daktari, mlango umefungwa, kisha daktari akatoka kutusemea kwa maneno ambayo mpaka leo sijui niyaite kweli au uongo.

Nilifundisha hesabu kwa miaka 31, kwa hiyo mtanisamehe nikihesabu hesabu sana.

Miaka 12 iliyopita figo za kaka yangu zilisimama. Tumezaliwa wanne tumbo moja: yeye wa kwanza, mimi wa pili, kisha mdogo wetu wa kike, na kitindamimba wetu wa kiume. Kaka aliingizwa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku tatu kila wiki, na kila siku ni kukaa kitini kwa muda wa saa nne. Asiyeijua mashine ile hudhani kinachomtesa mgonjwa ni sindano. Kaka alisema sindano unazizoea, kiu huizoei. Alipangiwa kiasi kidogo cha maji kwa siku nzima, basi akawa anayapima kwa kile kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi cha watoto, chenye mistari ubavuni. Mtu mzima, baba wa watu, ananyanyua kifuniko mpaka usawa wa jicho ahakikishe hajapitisha mstari. Picha hiyo ninayo, na ninaitaja mapema ili mwandishi wenu asidhani nilikataa kwa kuwa sikuona.

Tuliitwa ndugu wote kupimwa. Kwanza kundi la damu. Kaka ni O, na mtu wa O hupewa figo ya O. Kitindamimba ni A, akatoka. Tukabaki mimi na mdogo wetu. Kisha vikaja vipimo vya tishu, na hapo ualimu ukaniponza, maana nilielewa kabla muuguzi hajamaliza kueleza. Kila mtoto hurithi fungu moja la alama za kinga kutoka kwa baba na fungu moja kutoka kwa mama. Kwa hiyo ukimchukua ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja, uwezekano wa kufanana naye kabisa ni robo, wa kufanana nusu ni nusu, na wa kutofanana hata kidogo ni robo iliyobaki. Mdogo wetu alikuwa kwenye ile nusu. Mimi nilikuwa ile robo ya kwanza.

"Basi Mungu amekwishachagua," mama alisema, na chumba kizima kikashusha pumzi. Kaka alitazama sakafu. Naomba hili likumbukwe, Mhariri: tangu dakika ile hakuna aliyeniuliza kama nitatoa. Waliniuliza lini.

Niliogopa nini? Hatari ya mtoaji kufa kwenye upasuaji, kwa takwimu nilizopewa wakati ule, ilikuwa kama watu 3 kati ya 10,000. Nimewafundisha vijana wengi kwamba namba kama hiyo ni ndogo, na ni ndogo kweli. Figo inayobaki hutanuka kidogo na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, na walio wengi huishi nayo miaka yao yote bila shida. Nilikuwa na watoto wawili wadogo, ningeweza kusema nilikataa kwa ajili yao. Ingekuwa sababu ya heshima. Haikuwa ya kweli. Ukweli ni kwamba nilishindwa kuvumilia wazo la kulala mzima kwa hiari yangu na kuamka nimepungua. Na lilikuwapo jambo jingine, dogo na baya. Kaka alikuwa ameambiwa miaka mingi nyuma kwamba ana shinikizo la damu, akapewa vidonge, akavitupa kwa sababu hajisikii mgonjwa. Usiku nilijikuta nauliza kwa nini uzembe wake ulipwe na ubavu wangu. Sijivunii swali hilo. Lakini lilikuwapo, na mtu akiulizwa kama ameridhia anaulizwa pamoja na maswali yake mabaya.

Panapofuatwa taratibu vizuri, mtoaji hupewa daktari wake mwenyewe, asiye wa timu ya mgonjwa. Sababu yake ni nyepesi kueleza: daktari wa kaka alikuwa na mgonjwa mmoja, kaka, mimi kwake nilikuwa dawa. Daktari wangu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alinipitisha kwenye kila karatasi, kisha akafunga faili.

"Mwalimu," akaniambia, "nikikwambia sasa hivi kwamba vipimo vimekukataa, utasikitika au utapumua?"

Sikujibu. Nadhani nilipumua, maana alinitazama kifuani, akatikisa kichwa taratibu.

"Basi hufai," akasema. "Sababu sitawaambia, wala hawana haki ya kuijua."

Tukatoka pamoja. Ndugu zangu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Akawaambia maneno manne tu: "Huyu hafai kuwa mtoaji." Hakusema tishu, hakusema damu. Mama akanikumbatia na kunibembeleza kana kwamba mimi ndiye niliyepata msiba.

Baadaye nilikuja kujua kwamba yule mama hakuwa amebuni lolote. Wenye fani ya maadili ya tiba wana mjadala mrefu kuhusu jambo hili hasa, kama daktari anaruhusiwa kumpa mtu asiyetaka kutoa kisingizio cha kitabibu cha kujificha nyuma yake. Wanaolitetea husema utayari ni kipimo kama vipimo vingine, na aliyeshindwa kipimo kimoja hafai, basi. Hakuna uongo uliosemwa. Kwa mtu wa hesabu utetezi huo unavutia sana, maana kila kitu kinasimama juu ya fasili ya neno "kufaa". Niliishi ndani ya fasili hiyo kwa miaka mingi, kama mpangaji asiyependa kuulizwa mkataba.

Wanaopinga nao hawakukosa wa kumwegemea. Mwaka 1797 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba uongo haufai hata kwa muuaji anayebisha hodi kuuliza rafiki yako amejificha wapi. Na mwaka huohuo, katika kitabu kingine, aliandika kwamba kutoa au kuuza jino lako lipandikizwe kinywani mwa mwingine ni kujiua kwa sehemu. (Enzi zile matajiri wa Ulaya walikuwa wakipandikiziwa meno ya maskini, kwa hiyo jino halikuwa mfano wa kutunga.) Nimecheka peke yangu mara nyingi nikifikiri kwamba mzee huyo angenipongeza kwa kubaki na figo yangu na kunilaani kwa namna nilivyobaki nayo, ndani ya mwaka mmoja.

Sasa nirudi kwa mwandishi wenu. Ameutumia mfano wa mtoto anayezama kidimbwini, ule wa mwanafalsafa Peter Singer wa mwaka 1972: unapita, unamwona, unaweza kumwokoa kwa gharama ya nguo kulowa tope, usipomwokoa, wewe ni mtu wa namna gani? Kutoka kwenye nguo mpaka kwenye figo yeye ameruka kwa sentensi mbili. Yupo aliyeruka kwa miguu yake mwenyewe, naye namheshimu. Zell Kravinsky wa Marekani, aliyekuwa amekwishagawa karibu utajiri wake wote, mwaka 2003 alitoa figo kwa mtu asiyemjua. Alipiga hesabu kwamba uwezekano wa kufa ni 1 katika 4,000, kwa hiyo akikataa atakuwa anahesabu uhai wake kuwa na thamani mara 4,000 ya uhai wa mwenzake.

Nimeikagua hesabu hiyo kama ninavyokagua daftari la mwanafunzi. Haina kosa. Tatizo lake ni kwamba haina breki. Hesabu iliyochukua figo yangu leo itarudi kesho kwa kipande cha ini, maana ini huota tena, na keshokutwa itauliza pafu moja lina ubaya gani. Mwishoni utafika kwenye ule mfano wa wanafalsafa wa daktari mwenye wagonjwa watano wanaohitaji viungo vitano, na mpita njia mzima ameketi kwenye benchi la mapokezi. Watano kwa mmoja. Kila mtu anajua daktari huyo asifanye hivyo, na anayedai kwamba uzito wa jambo hili umo kwenye idadi atuambie kwa nini.

Na lipo jambo ambalo mwandishi wenu hakulifikiria alipochagua neno "muuaji". Muuaji huzuiwa kwa nguvu. Nikimkaba mtu koo, una haki ya kunishika mikono na kuivunja ikibidi. Kama kukataa kwangu ni kuua, basi kuna mtu ana haki ya kunizuia nisiue, na njia ya kunizuia ni moja tu: kunilaza mezani na kunipasua. Kama mwandishi wenu hayuko tayari kusema hivyo, alitafute neno jingine.

Mahakama iliwahi kulikabili swali hili likiwa uchi. Mwaka 1978, huko Pennsylvania, Marekani, Robert McFall alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, kushindwa kutengeneza damu. Binamu yake, David Shimp, alikubali kipimo cha kwanza, akaonekana anaelekea kufanana, kisha akagoma kuendelea. Tena uboho hurudi wenyewe baada ya kutolewa, si kama figo. McFall akamshtaki ili alazimishwe. Jaji Flaherty alisema kukataa kwa Shimp hakuna utetezi wowote kimaadili, kisha akakataa kumlazimisha. Baada ya wiki mbili hivi McFall akafariki. Wengi wanaoisoma hukumu ile huona jaji amejipinga. Mimi naona ametenganisha vitu viwili ambavyo mwandishi wenu ameviunga: kwamba jambo ni baya, na kwamba mtu mwingine ana haki ya kulichukua kutoka mwilini mwako. Nakubali hukumu zake zote mbili, ile ya kunifaa na ile ya kuniuma.

Ukitaka kuona kinachotokea mahali ambapo "hapana" haipo, soma kesi ya Kentucky, Marekani pia, ya mwaka 1969. Tommy Strunk, mwenye miaka 28, alihitaji figo. Ndugu yake Jerry, mwenye miaka 27, alikuwa na akili ya mtoto wa miaka sita, akiishi kwenye kituo cha serikali. Vipimo vikaonyesha Jerry ndiye anayefaa. Mahakama ikaruhusu achukuliwe figo, majaji wanne dhidi ya watatu, kwa hoja kwamba Jerry mwenyewe atafaidika kwa kuwa anampenda kaka yake na atamhitaji. Huenda ilikuwa kweli. Lakini katika familia nzima, aliyeonekana kuwa na faida kubwa zaidi ya kutoa akawa yule asiyeweza kukataa.

Kuhusu kuuza figo, ambako makala imetumia safu nzima, sina mengi. Iran imekuwa na utaratibu wa malipo tangu mwaka 1988, na watetezi wake wana mambo ya kuonyesha. Ila anayeuza figo kwa sababu ya deni naye ni mtu ambaye "hapana" yake imefungiwa nje, tofauti ni kwamba mlango wake umeshikwa na mdai badala ya mama.

Kuhusu maiti niko upande wa mwandishi wenu, na sioni kwa nini tulumbane. Mtoaji mmoja aliyekufa anaweza kuwafaa wagonjwa wanane. Anayeumia hapo ni aliyebaki. Desemba 1967, kabla ya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kule Cape Town, Edward Darvall aliulizwa kama anaruhusu moyo wa binti yake, Denise, utolewe. Alikuwa amempoteza mkewe na binti yake katika ajali moja, siku ileile. Inasimuliwa kwamba alifikiri kwa dakika nne. Dakika nne! Mimi nilipewa miezi. Makala inasema tumalize tabu hiyo kwa sheria ya kumhesabu kila mtu kuwa ameridhia mpaka aseme vinginevyo. Uhispania wanayo sheria ya namna hiyo tangu 1979, na kwa miaka mingi wamekuwa mbele ya dunia kwa watoaji waliofariki. Lakini hata hivyo familia huulizwa. Waliolisimamia jambo lile husema kilichowasaidia zaidi ni kuwa na watu waliofunzwa ndani ya hospitali, wanaojua kukaa na wafiwa na kuuliza vizuri. Mimi wanangu nimekwishawaambia: wachukue chochote kitakachofaa, wasifikiri hata hizo dakika nne.

Hadi hapa mwandishi wenu anaweza kudhani najitetea. Kuna sehemu ambayo sina utetezi nayo.

Baada ya mimi "kutofaa", macho yote yalihamia kwa mdogo wetu. Alikuwa na miaka 34. Alikaa na daktari yuleyule, akaulizwa maswali yaleyale, akasema ndiyo, bila kusita, nasikia. Baada ya miezi mitatu kaka alikuwa na figo yake. Nilikuwapo alipoamka. Kitu cha kwanza alichoomba ni maji, wakampa glasi nzima, akainywa macho yamefumbwa.

Ndiyo ya mdogo wetu ilikuwa ya hiari kwa kila kigezo kilichoandikwa kwenye fomu. Alielezwa hatari, alielezwa faida, hakulipwa wala hakutishwa. Jambo moja tu hakulijua, nalo ndilo lililobeba mengine yote: alidhani hakuna mwingine. Aliamini kwamba ama yeye, ama kaka arudi kwenye kifuniko cha dawa. Angejua kwamba nyuma yake amesimama kaka yake mwingine anayefanana na mgonjwa kuliko yeye, je, angesema ndiyo? Nadhani angesema. Ndivyo alivyo. Lakini "nadhani" yangu si ridhaa yake. Daktari alilinda hapana yangu kwa siri, na siri hiyohiyo ikaipunguzia ndiyo ya mdogo wangu ukweli. Haki yangu ya kukataa ililipiwa, na aliyelipa hakuonyeshwa hesabu.

Miaka miwili baadaye alishika mimba. Sasa inajulikana kwamba mwanamke aliyetoa figo hupata shinikizo la damu la ujauzito takriban mara mbili ya mwenzake aliye na figo zote. Naye alilipata. Mtoto ilibidi atolewe kabla ya wakati, wote wawili wakapona, na mtoto huyo sasa yuko shule na ananishinda kwenye drafti. Siku ya kujifungua kwake, kwenye korido ya hospitali, nilikaa kwenye benchi linalofanana na lile la kwanza, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunikumbatia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa nini nalia.

Nimejifunza kujiuliza nini kingekuwa tofauti, na jibu langu huenda likamshangaza mwandishi wenu. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kweli ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, kati ya mapacha wa kufanana, Ronald na Richard Herrick. Madaktari walisumbuka sana kabla ya kukubali, maana ilikuwa ni kumpasua mtu mzima asiye na ugonjwa kwa faida ya mwingine. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard, mgonjwa mwenyewe, alimwandikia pacha wake kijikaratasi akimwambia aondoke, arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yuko hapo na hapo atabaki. Richard aliishi miaka minane zaidi, akamwoa mmoja wa wauguzi waliomhudumia. Ronald akaishi mpaka 2010.

Kijikaratasi kile mimi sikukipata. Simlaumu kaka; mtu anayezama haandiki barua. Lakini najua nafsi yangu. Kama mtu yeyote katika familia ile, kaka au mama au hata kitindamimba, angenivuta pembeni na kuniambia "ukikataa utabaki kuwa wetu," kuna uwezekano mkubwa ningebaki kama Ronald. Nilikimbia kwa sababu kila njia ilikuwa imezibwa isipokuwa ile ya daktari. Makala kama ya Jumapili, zenye maneno kama "muuaji", huzidi kuziba.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la utaratibu, si la falsafa, na wenye fani watanirekebisha. Ndugu wote waulizwe, kila mmoja peke yake, kabla ya tone la damu kuchukuliwa: uko tayari au hauko tayari? Vipimo wafanyiwe walio tayari tu. Wasiokuwa tayari wasitajwe, na familia iambiwe tangu mwanzo kwamba itasikia jina la anayeweza kutoa, haitasikia majina ya wasioweza wala sababu zao. Na yule anayebaki wa mwisho asiambiwe kwamba ni wa mwisho. Aambiwe wazi: usiamue kwa kudhani hakuna mwingine, kwa sababu hilo hatukwambii. Sisi tuliulizwa kinyumenyume. Tishu ziliulizwa kwanza, na zilipojibu ikawa aibu kuwa na mdomo wenye jibu tofauti na la damu yako.

Kwa nini naandika leo, baada ya miaka 12? Kwa sababu figo ya mdogo wetu imeanza kuchoka ndani ya kaka. Si ajabu, figo ya kupandikizwa haidumu milele, na isiyofanana kikamilifu ina kazi zaidi. Kaka safari hii hajaacha kidonge hata kimoja. Mwezi uliopita nilimwona, kwenye sherehe ya mjukuu, ameshika glasi ya maji akiinyanyua usawa wa jicho. Huenda alikuwa anatazama tu kama ni safi.

Na mimi, Mhariri, safari hii nataka. Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Si toba, maana nimejichunguza kama ni toba, na kama ingekuwa toba yule daktari angenigundua tena kwa kunitazama kifuani. Watoto wamekua. Kuogopa bado naogopa. Lakini nimeligeuza jambo hili usiku mwingi, na hapana niliyokuwa nayo nikiitafuta siioni.

Tatizo ni kwamba familia nzima inajua sifai. Mama alizikwa akijua sifai. Tishu hazibadiliki kwa miaka 12, hata kitindamimba anajua hilo. Kwa hiyo nikisimama leo na kusema nipimwe, au nikubali kwamba nilifaa siku zote, au nibuni uongo wa pili, na huo utakuwa wa kwangu mwenyewe, bila daktari wa kunisaidia fasili. Kisingizio kilichoilinda hapana yangu hakikubakiza njia ya ndiyo. Sikuwahi kusoma popote, hata katika mijadala ya wenye fani, mtu akiizungumzia gharama hii, na ndiyo sababu hasa ya barua kuwa ndefu.

Yule daktari amekwishastaafu kama mimi. Nimekwenda kwa aliyemrithi. Amesema miaka 58 peke yake si kikwazo, ataangalia moyo, shinikizo, sukari, na hiyo figo yenyewe. Nina miadi naye Jumatatu ya wiki ijayo, peke yangu, na nimemwomba aniulize lile swali la kusikitika na kupumua. Hakulijua, nikamfundisha.

Naomba jina langu msilichapishe. Mdogo wangu ni msomaji wenu, huanzia ukurasa huu wa barua kabla ya habari, na atatutambua sote kwenye aya ya tano. Nimempigia kumwambia nitakwenda kwake Jumamosi na asimwalike mtu mwingine. Kwa hiyo barua hii, kama mtaona inafaa, tafadhali isitoke kabla ya Jumapili.

Mwalimu mstaafu